Nyumbani ni Saa Mbili Hadi Kumi na Moja

Kanuni tuliiandika wenyewe ubaoni, kwa kalamu nyekundu:
nyumbani ni pale simu inapolala
kati ya saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri.
Kazini ni pale inaposhinda mchana.
Bi Tumsifu akauliza kama kuna swali.
Tulikuwa na njaa. Hapakuwa na swali.

Vocha hukwanguliwa ili namba ionekane;
sisi tumekwangua jina, ikabaki namba.
Ndivyo jiji linavyopanda hadi ofisini kwetu Makumbusho,
ghorofa ya sita, kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo:
mnara, saa, mnara, saa,
watu mamilioni wanapita mbele yangu
bila jasho, bila hodi,
bila hata mmoja kuniuliza habari za asubuhi.

Walioagiza ripoti wanataka kujua
barabara ipi ipanuliwe,
Jangwani ikifurika watu hukimbilia upande gani.
Maswali ya haki. Nayajibu kwa haki.
Ila mnara ni sikio tu. Miguu haiijui.

Kuna namba moja Kariakoo, tangu asubuhi haijahama.
Kompyuta imeandika: ametulia.
Kinyume cha taratibu nimempa jina, Hamduni,
nikamvika mikanda thelathini begani na soksi mkononi,
Mtaa wa Kongo, Narung'ombe, Mchikichi, Kongo tena,
mgambo wakitokea anakimbia, wakipita anarudi,
kilomita kumi na nane chini ya mnara mmoja.
Ametulia!
Visigino vyake vingejua kusoma
vingecheka mpaka nyufa ziongezeke.

Na Kigogo yuko mwingine, bibi labda,
maana hapigi, hupigiwa tu.
Usiku mmoja wa mvua amevuka bonde la Msimbazi mara nne:
Kigogo, Ilala, Kigogo, Ilala,
maji yamefika kwenye madirisha, yeye anavuka.
Si mzimu. Ni minara miwili inatupiana mzigo.
Mwenyewe yuko kitandani, miguu imevimba,
simu iko chini ya mto,
mto wa sufi, si ule wa maji.

Haya nilikuwa nayacheka peke yangu
hadi Jumanne, Bi Tumsifu aliponigeuzia ramani.
"Hawa wakazi wapya wa Posta ni akina nani?
Usiku panawaka hivi. Nani kahamia kwenye mabenki?"

Nikazichambua.
Saa kumi na mbili asubuhi zinaondoka zote,
Chanika, Kivule, Gongo la Mboto,
na huko kazini kwao hazisogei,
hazipigi, hazipokei,
mpaka jua lianze kuinama.

Nilikuwa na miaka saba.
Mama alitupigia ukelele wa kunong'ona,
"Shh, baba yenu kalala,"
tukacheza rede ya kimyakimya saa sita mchana,
aliyepigwa na mpira anajiziba mdomo.
Koti lake la kaki msumarini, rungu nyuma ya mlango,
tochi ikianikwa betri zake dirishani
zipate nguvu ya usiku mmoja zaidi.
Miaka ishirini na miwili kwenye ngazi za benki
ambayo hajawahi kuingia mchana.

Baba, kwenye ramani yetu unaishi mjini,
viwanja vya bei mbaya.

"Ni walinzi," nikasema.
"Aa! Basi waondoe. Wanatuchafulia hesabu."
Akarudi kwenye chai yake.

Kidole kikabaki juu ya kitufe.
Siwezi kuapa kwamba yumo, majina tumeyakwangua.
Nikatoka koridoni nikampigia.
"Uko wapi, baba?"
"Ndiyo kwanza natoka nyumbani, mwanangu. Kwema?"

Mnara wa Gongo la Mboto ukaandika:
saa kumi na dakika tano. Kazini.